Kutoka Kisumu hadi Minneapolis: pima mwenyewe umbali wa ndege na muda wa safari

Jioni moja ya Desemba jirani yangu hapa Kondele, Kisumu, mama aliyezaliwa upande wa Kisii, alibisha hodi akiwa ameshika tiketi aliyochapiwa saiba. Binti yake anaishi Minneapolis, Marekani, ambako Wakisii ni wengi kiasi kwamba hakosi mtu wa kusalimiana naye kwa Ekegusii, na alikuwa karibu kujifungua. Mama alikuwa anaenda kumlea mjukuu. Wakala aliyemuuzia tiketi alimwambia safari ni ya saa kumi na nane hivi. Kaka yake wa Oyugis alisema ni siku mbili nzima. Binti alimwandikia kwamba atampokea Alhamisi saa nane.

"Mwalimu, kati ya hawa watatu nani ananidanganya?"

"Hakuna, Mama. Kaa kwanza tuhesabu."

Nimefundisha jiografia miaka mingi, na hesabu tuliyoifanya mezani usiku ule ndiyo ninayoiandika hapa. Nimeiandika kwa sababu nimeona watu wa kwetu wakilala sakafuni uwanjani Nairobi, wengine wakikosa ndege kabisa, kwa jambo ambalo penseli na simu ya mkononi vingewaonyesha mapema. Saa za ndege nitakazozitaja ni za mfano wa safari ya Januari. Wewe weka za tiketi yako.

Hatua ya kwanza: andika herufi tatu za kila kiwanja

Kila kiwanja cha ndege kina herufi zake tatu, na tiketi huzionyesha. Za mama zilikuwa KIS (Kisumu), NBO (Jomo Kenyatta, Nairobi), AMS (Amsterdam) na MSP (Minneapolis). Ziandike kwa kushuka chini, moja kila mstari, ukiacha nafasi katikati.

Angalia sana herufi za Nairobi. Baadhi ya ndege ndogo za ndani hutua Wilson, ambao herufi zake ni WIL, si NBO. Ukitua Wilson huku ndege ya ng'ambo inakusubiri Jomo Kenyatta, lazima uchukue mizigo yako, utafute gari na uombe msongamano wa Nairobi ukuhurumie. Wa Eldoret wataona EDL. Wa Nakuru hawana ndege za abiria za kila siku, kwa hiyo kipande chao cha kwanza ni barabara ya kilomita 160 hivi mpaka Nairobi, na nacho kiandikwe kama kipande cha safari.

Hatua ya pili: weka rula kando, chukua uzi

Watu wengi hufungua ramani ya ukutani, wakaweka rula kutoka Kisumu hadi Minneapolis, wakadhani ndiyo njia. Rula hiyo itapita juu ya Nigeria, itatoka Afrika kupitia Mauritania, kisha itavuka Atlantiki mahali ilipo pana. Hiyo si njia fupi. Dunia ni mviringo, na ramani bapa huivuta na kuipanua, hasa kuelekea ncha ya kaskazini.

Ukiwa na tufe la shuleni, shika uzi kwa vidole viwili: kimoja Kisumu, kingine Minneapolis. Uvute mpaka ukaze. Utauona ukipita Uganda, Sudan Kusini, Sudan, Chad, Libya na Algeria, ukavuka Hispania na Ureno, ukaingia Atlantiki, ukakanyaga ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Newfoundland huko Kanada, halafu ukateremka hadi Minneapolis. Njia ya rula ni ndefu kuliko ya uzi kwa zaidi ya kilomita 700. Usipokuwa na tufe, hata mpira wa miguu uliochorwa kwa kalamu unatosha kumfahamisha mtoto, au mama yake.

Hatua ya tatu: hesabu umbali, na ushukuru ikweta

Hapa ndipo sisi wa Kisumu tuna bahati ambayo wengi hawaijui. Ukienda Busia kwa barabara, ukifika Maseno unapita kibao cha ikweta. Kiwanja chetu cha ndege kiko kusini ya mstari huo kwa chini ya kilomita 10. Kwa maana hiyo latitudo yetu, yaani digrii za kuwa mbali na ikweta, ni karibu sifuri, na kanuni ndefu ya kupima umbali juu ya tufe hupungua ikawa fupi kabisa:

kosaini ya umbali = kosaini ya latitudo ya uendako × kosaini ya tofauti ya longitudo

Kosaini ni kile kitufe cha cos, na longitudo ni digrii za mashariki au magharibi ya mstari wa Greenwich. Unachohitaji ni simu. Fungua kikokotoo na uilaze simu upande. Kwenye simu nyingi vitufe vya cos na sin hujitokeza. Hakikisha kimewekwa kwenye digrii, yaani kimeandikwa Deg na si Rad. Kosa la hapo litakupa majibu ya ajabu, na wanafunzi wangu wamelia nalo mara nyingi.

Sasa tafuta mahali pa viwanja viwili. Kisumu iko longitudo 34.73 mashariki. Minneapolis iko latitudo 44.88 kaskazini na longitudo 93.22 magharibi. Kwa kuwa moja iko mashariki na nyingine magharibi, longitudo zinajumlishwa: 34.73 + 93.22 = 127.95. Zingekuwa upande mmoja, ungetoa ndogo kwenye kubwa. Jibu likizidi 180, litoe kwenye 360.

Bonyeza cos ya 44.88, utapata 0.7086. Cos ya 127.95 ni −0.6150, alama ya kutoa isikutishe, inamaanisha tu kwamba unakwenda zaidi ya robo ya mzunguko wa dunia. Zidisha hizo mbili, unapata −0.4358. Kisha bonyeza kitufe cha cos chenye −1 juu yake, kinachorudisha kosaini kuwa digrii. Jibu ni 115.83. Kila digrii moja juu ya uso wa dunia ni kilomita 111.2, kwa hiyo 115.83 × 111.2 = kilomita 12,880.

Nilirudia hesabu ile kwa kanuni kamili, ile isiyodhani kwamba Kisumu iko juu ya ikweta yenyewe, nikapata 12,887. Tumekosea kilomita 7, pungufu ya mwendo wa kutoka mjini Kisumu hadi Maseno. Na sababu yake inapendeza: kosa la njia hii fupi haliwezi kamwe kuzidi umbali wako mwenyewe kutoka ikweta. Kwa Kisumu ni chini ya kilomita 10 popote uendako duniani. Nakuru na Eldoret nazo ziko jirani na mstari, kosa lao haliwezi kufika kilomita 60. Jaribu nyingine ujizoeze: Kisumu hadi uwanja wa Heathrow, London (latitudo 51.47, longitudo 0.45 magharibi) utapata kama 6,600. Hadi JFK, New York (40.64, na 73.78 magharibi) kama 11,560. Hadi Doha (25.27, na 51.61 mashariki, hapa unatoa) kama 3,345.

Ukikutana na tarakimu tofauti mahali pengine usishtuke. 12,887 za kilomita ni sawa na maili 8,008 za nchi kavu, na ni sawa na maili 6,958 za baharini ambazo marubani huzitumia. Maili ya baharini ni kilomita 1.852. Umbali ni ule ule. Kipimo ndicho kimebadilika.

Hatua ya nne: gawa safari vipande

Hakuna ndege inayotoka Kisumu moja kwa moja hadi Minneapolis. Umbali tulioupata ni wa uzi, si wa mama. Mama anaanza kwa kurudi nyuma: Minneapolis iko kaskazini-magharibi, naye anapelekwa kwanza Nairobi, kusini-mashariki. Hesabu kila kipande peke yake.

Nairobi iko digrii 1.32 kusini, kwa hiyo hapo njia fupi haitoshi na unatumia kanuni kamili: sin ya latitudo ya kwanza × sin ya latitudo ya pili, ujumlishe na cos ya latitudo ya kwanza × cos ya latitudo ya pili × cos ya tofauti ya longitudo. Latitudo ya kusini inawekewa alama ya kutoa. Jibu unalirudisha kuwa digrii kwa kitufe kile kile, kisha unazidisha kwa 111.2. Amsterdam iko 52.31 kaskazini na 4.76 mashariki, Nairobi iko longitudo 36.93 mashariki. Fanya mwenyewe, utafika digrii 60 na ushee.

Matokeo ya vipande vitatu: Kisumu hadi Nairobi kilomita 280, Nairobi hadi Amsterdam 6,680, Amsterdam hadi Minneapolis 6,685. Jumla 13,645, yaani zaidi ya njia ya uzi kwa kilomita 760 hivi. Nilipomwonyesha mama kwamba Amsterdam iko katikati kabisa ya Nairobi na Minneapolis, alitulia. Alikuwa ameogopa kwamba nusu ya pili ndiyo ndefu.

Ndege zenyewe huongeza kidogo juu ya hapo. Huzunguka mawingu mazito, hufuata njia zilizopangwa angani, na hukwepa nchi zenye vita. Tangu vita vilipozuka Sudan mwezi wa Aprili 2023, ndege nyingi kati ya Afrika Mashariki na Ulaya zimelazimika kuizunguka anga ya nchi hiyo, ambayo ipo katikati kabisa ya njia ya kwenda kaskazini. Ukiona ndege yako inachukua dakika 30 zaidi ya hesabu yako, huenda umekosea hesabu, huenda pia ni vita vya watu.

Hatua ya tano: geuza kilomita kuwa muda wa angani

Gawanya kilomita kwa 850, kisha ongeza dakika 40. Hiyo 850 ni mwendo wa wastani kwa saa wa ndege kubwa ya masafa marefu, na dakika 40 ni za ndege kutembea ardhini, kupaa na kushuka. Usitumie kanuni hii kwa kipande cha Kisumu na Nairobi. Ndege haifiki mwendo wake kamili kabla haijaanza kushuka. Andika tu dakika 50.

Nairobi hadi Amsterdam: 6,680 ÷ 850 ni 7.86, yaani muda wa saa 7 na dakika 52. Ongeza 40, unapata saa 8 na dakika 32. Hesabu ya Amsterdam hadi Minneapolis ni ile ile kwa kuwa umbali ni ule ule. Lakini hapa upepo unaingia. Juu sana, katika latitudo za Ulaya na Marekani, huvuma upepo wenye nguvu kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege inayokwenda Marekani inapambana nao, inayorudi inasukumwa nao. Kwa hiyo ongeza nusu saa ukivuka Atlantiki kwenda magharibi, punguza nusu saa ukirudi. Amsterdam hadi Minneapolis inakuwa saa 9, kurudi saa 8.

Ukitaka kuipima kanuni hii, ijaribu kwa ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways kutoka Nairobi hadi New York iliyoanza Oktoba 2018. Umbali ni kilomita 11,840. Gawanya, ongeza dakika 40, ongeza nusu saa ya upepo: saa 15 na dakika chache. Tiketi yake huandikwa muda wa saa 15 kwenda na 14 kurudi.

Jumla ya muda wa angani wa mama: dakika 50, saa 8 na nusu, na saa 9. Ni saa 18 na dakika 20. Kumbe wakala hakudanganya. Alihesabu angani tu, akasahau kwamba binadamu hukaa chini pia.

Nikitazama ghuba yetu huwa nawakumbuka abiria wa miaka ya 1930, wakati ndege za Imperial Airways zilizoundwa kuelea majini zilipokuwa zikitua hapa Kisumu juu ya ziwa, zikiwa njiani kati ya Uingereza na Afrika Kusini. Zilituatua njiani kunywa mafuta na abiria walilala hotelini. Uingereza ilikuwa mbali kwa siku kadhaa. Kilomita hazijapungua hata moja tangu siku hizo.

Hatua ya sita: saa za tiketi, saa zetu, saa zao

Hapa ndipo watu wa kwetu huumia, na nitakaa hapa kidogo.

Kwanza, neno "saa" lina kazi mbili. "Saa nane" inaweza kuwa wakati au muda. Unapompa mtu habari za safari, ongeza neno: "muda wa saa 8" au "saa nane mchana". Usiache wazi.

Pili, tiketi huandika kwa mtindo wa 0 hadi 24. Kugeuza kuwa saa zetu, toa 6. Jibu likifika 13 au zaidi, toa 12 tena. Likianza na 0, hiyo 0 isome kumi na mbili. 18:00 inakuwa saa kumi na mbili jioni. 23:55 toa 6 ni 17:55, toa 12 ni 5:55: saa sita kasoro dakika tano usiku. Ikiwa ni pungufu ya 6, ongeza 6 badala ya kutoa: 00:35 ni saa sita na dakika 35 usiku.

Na hiyo 00:35 ni ya kuogopwa. Kwetu usiku huanza jua likizama, nasi husema "usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano". Tiketi haijui kuamkia. Kwa tiketi, ikishapita saa sita usiku, tayari ni Jumatano. Kijana mmoja wa ukoo wetu alikuwa na tiketi ya Jumatano 00:35. Jumatano mchana alikula na wazazi, akaombewa, jioni akasindikizwa Jomo Kenyatta na watu wanane. Ndege yake ilikuwa imeondoka tangu usiku wa kuamkia siku ile. Tiketi nyingine ilimgharimu mama yake ng'ombe wawili. Tangu hapo, nikiona tiketi inayoanza na 00 au 01, naandika juu yake kwa kalamu nyekundu: UWE UWANJANI JIONI YA SIKU INAYOTANGULIA.

Tatu, saa za nchi. Njia ya uhakika ni kupeleka kila kitu kwenye saa za UTC, saa ya pamoja inayotumiwa na ndege zote duniani, kisha kurudisha. Kenya iko mbele ya UTC kwa saa 3, mwaka mzima, haibadiliki. Uholanzi iko mbele kwa saa 1 wakati wa baridi, 2 wakati wa joto. Minneapolis iko nyuma kwa saa 6 wakati wa baridi, 5 wakati wa joto. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ulaya husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo kati yetu na Minneapolis kuna tofauti ya saa 9 mwezi wa Januari, na 8 mwezi wa Julai. Ukitaka kuiona kwa jua lenyewe: dunia huzunguka digrii 15 kila saa, na longitudo zetu zimeachana kwa 127.95. Gawanya, utapata saa 8 na nusu. Serikali ndizo huamua nusu hiyo iangukie wapi.

Sasa hesabu ya mama. Anaondoka Nairobi Jumatano 23:55. Toa 3, ni 20:55 UTC. Ongeza 8:30 za angani, ni 05:25 UTC ya Alhamisi. Amsterdam Januari ni mbele kwa 1, kwa hiyo anatua 06:25, saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi, na nje bado ni giza totoro kwa sababu jua la kule mwezi huo huchomoza karibu saa tatu. Anasubiri. Ndege ya pili inaondoka 12:00 ya Amsterdam, yaani 11:00 UTC. Ongeza saa 9, ni 20:00 UTC. Toa 6: anatua Minneapolis Alhamisi 14:00, saa nane mchana. Kumbe binti naye alisema kweli. Lakini Kisumu wakati huo itakuwa 23:00, saa tano usiku.

Mtu akitazama tiketi bila hesabu hii ataona ndege inayoondoka 12:00 na kufika 14:00, na atadhani ni safari ya saa mbili. Nimewahi kumsikia mtu mzima akibishana hivyo kwenye kaunta.

Jambo dogo la kumwambia mzee anayeenda kukaa huko miezi kadhaa: saa zetu za Kiswahili zimefungwa kwenye jua la ikweta, ambapo saa kumi na mbili hivi ni macheo na machweo siku zote. Minneapolis mwezi wa Juni jua huzama karibu saa tatu usiku. Mama asiseme binti amemnyima chakula cha jioni kwa kuwa bado kuna mwanga.

Hatua ya saba: hesabu muda wa ardhini

Chukua saa ya kutoka nyumbani na saa ya kuketi kwenye gari la anayekupokea, zote kwa UTC, utoe. Mama atatoka Kondele na tuktuk Jumatano saa tisa na nusu alasiri, yaani 15:30, ambayo ni 12:30 UTC. Ndege ya Kisumu inaondoka saa kumi na mbili jioni, na ni vizuri afike mapema apimiwe mizigo kwa utulivu. Anatua Nairobi saa moja kasoro dakika kumi, anahama kutoka jengo la ndege za ndani kwenda la ndege za nje, anakaguliwa upya. Ana karibu saa tano mpaka ndege kubwa iondoke. Usikubali chini ya tatu hapo, kwa sababu ndege ya Kisumu ikichelewa kwa ajili ya mvua ya jioni, muda huo ndio unaokuokoa. Minneapolis, mpe saa moja na nusu ya uhamiaji, mizigo na forodha. Anatoka nje 15:30 za kule, sawa na 21:30 UTC ya Alhamisi.

Kutoka 12:30 ya Jumatano hadi 21:30 ya Alhamisi ni muda wa saa 33. Hilo ndilo jibu nililompa. Kati ya hizo, 18 na dakika 20 ni za angani, na karibu 15 ni za kusubiri, kupanga foleni na kutembea. Angetokea Kisii siku ile ile, kwa matatu ya kupitia Oyugis, Sondu na Ahero, angeongeza saa 3 za tahadhari, jumla 36. Na kaka yake aliyesema siku mbili? Alihesabu majina ya siku: Jumatano na Alhamisi.

Uliza pia mambo mawili kabla ya kulipa. Je, vipande vyote viko kwenye tiketi moja? Vikiwa tiketi moja na ndege ya kwanza ikachelewa, shirika ndilo linalokutafutia nyingine. Vikiwa tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, ni hasara yako. Na je, unaingia Marekani kwa mji gani? Kwa kawaida mahali pa kwanza unapokanyaga Marekani ndipo unapopita uhamiaji, unachukua mabegi na kuyakabidhi tena, hata kama unaendelea mbele. Anayepitia New York kwenda Minneapolis asikubali chini ya saa 3 za kuunganisha hapo. Mama yeye anaingilia mji wake wa mwisho, hana shida hiyo.

Hatua ya nane: andika karatasi moja

Nilichukua karatasi, nikaipiga mistari mitatu ya kushuka: saa ya pale alipo, saa ya Kisumu, na cha kufanya. Saa zote kwa maneno ya Kiswahili, herufi kubwa. Kwenye "saa ya Kisumu" tukaweka alama ya nyota mahali pa kumeza dawa ya presha, kwa sababu daktari wake alisema ahesabu saa 24 tangu ya mwisho, si jua la mahali alipo. Saa yake ya mkononi hatukuibadilisha. Ilibaki ya Kisumu mpaka mlangoni kwa binti. Karatasi nikaipiga picha nikamtumia binti, kisha ikakunjwa ndani ya pasipoti.

Fanya na ya kurudi siku hiyo hiyo, usingoje, kwa sababu kurudi kuna mtego wake. Tuseme anaondoka Minneapolis saa tisa alasiri, 15:00, siku ya Jumatatu. Hiyo ni 21:00 UTC. Upepo unamsukuma, saa 8, anatua Amsterdam 05:00 UTC ya Jumanne. Akiondoka huko 10:00 za Uholanzi, ambayo ni 09:00 UTC wakati wa baridi, atatua Nairobi 17:30 UTC, yaani 20:30, saa mbili na nusu usiku. Akimaliza uhamiaji na mizigo ni karibu saa nne, na hapo asitegemee ndege ya Kisumu mpaka asubuhi. Kwa hiyo mpange mtu wa kumlaza Nairobi usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, na tiketi ya kipande cha mwisho iwe ya Jumatano asubuhi. Wenye haraka hupanda basi la usiku, lakini mwili uliotoka Minneapolis ukidhani ni mchana hautalala kwenye barabara ile, na mama ana umri wa miaka 67.